Mzee, Achia Kiti, Lakini Usitoke Mezani

Mjomba wangu alistaafu ualimu akiwa na miaka 60, vile sheria inasema. Kulikuwa na keki, kulikuwa na hotuba ndefu za watu ambao hata hawakuwa wanamsalimia vizuri, na kulikuwa na saa ya ukutani. Mimi hadi leo sielewi hii mambo ya kumpa mtu anayestaafu saa. Umemtoa kazini, halafu unampa kifaa cha kumwonyesha vile siku imekuwa ndefu?

Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi na moja asubuhi, akaoga, akavaa tai, akakaa sebuleni. Mke wake ndiye alinisimulia, na hakuwa anacheka. Ilienda hivyo miezi kadhaa. Tai, viatu vimeng'aa, na hakuna mahali pa kwenda.

Sasa mnanijua. Mimi ni mmoja wa wale hupiga kelele kwamba wazee waachie vijana nafasi. Nimesema mara nyingi na sijabadilisha msimamo. Lakini ile tai ilinisumbua. Nikaanza kusoma kuhusu watu walioshikilia viti na watu walioviachia, nikajipata mahali sikutarajia kabisa: Trinity College, ndani ya Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza. Ilianzishwa 1546 na Mfalme Henry wa Nane, yule wa kuoa wake sita. Nilifika huko kwa sababu mjomba alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila darasa la kidato cha kwanza alilianza kwa kuandika nambari moja ubaoni: 1729. Tutaifikia.

Kwanza uelewe kitu kimoja, ndio hadithi isikupotee. Cambridge si chuo kimoja. Ni kama kijiji chenye maboma mengi, kila boma na ukuta wake, jikoni yake, pesa zake. Trinity ni boma moja. Ndani yake kuna watu wanaitwa mafelo. Usicheke, felo hapa si mtu aliyefeli, ni kinyume kabisa. Felo ni msomi aliyechaguliwa na wenzake kuwa mwenye boma. Anapata kiti kwenye meza kuu ya chakula, mara nyingi anapata vyumba vya kuishi, na anapiga kura kuhusu mambo ya boma. Halafu kuna uprofesa, ambao ni kazi ya chuo kikuu chenyewe, kijiji kizima. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Hiyo tofauti kati ya kiti cha uprofesa na meza ya boma, ishike. Hadithi yote inazunguka hapo.

Tuanze 1669. Kuna jamaa anaitwa Isaac Barrow, felo wa Trinity na mtu wa kwanza kabisa kukalia kiti cha Lucas cha hesabu, kilichoanzishwa 1663. Hakuwa mzee. Hakuwa amefika hata miaka 40. Kiti ni chake, hakuna mtu anamsukuma. Lakini Barrow moyo wake ulikuwa kwa theolojia, na ndani ya boma lake kulikuwa na kijana wa miaka 26 ambaye alikuwa amemwonyesha kazi yake ya hesabu. Barrow akaachia kiti, na kijana akakikalia. Jina la kijana ni Isaac Newton.

Hebu fikiria hiyo kidogo. Miaka 26. Kwetu saa hii huyo yuko na digrii kwa bahasha ya kaki na anaambiwa alete uzoefu wa miaka kumi.

Kiti kilimpa Newton muda. Hata kanuni ya zamani kwamba felo wa Trinity lazima mwishowe awe kasisi, alipata ruhusa ya mfalme mwaka 1675 ya kuiruka. Akakaa humo akifikiri, na 1687 kikatoka kile kitabu cha mwendo na mvutano ambacho wengi wetu tulikutana nacho kwa somo la fizikia tukalia. Barrow naye hakupotea. Alirudi Trinity mwaka 1673 kama mkuu wa boma zima, akaanzisha ujenzi wa maktaba ambayo bado iko hadi leo. Alifariki 1677 kabla haijaisha.

Ningependa kukuambia Newton alijifunza kutoka kwa huyo mzee wake. Wapi! Mwaka 1696 alipata kazi kubwa London, kwenye taasisi ya kutengeneza sarafu za serikali. Akahama. Je, aliachia kiti cha Cambridge? Hakuachia hadi 1701. Miaka mitano msee yuko mji mwingine, kazi nyingine, na kiti bado ni chake. Kwa hivyo ukiona mtu mkubwa ana vyeo viwili na ofisi moja haijaona kivuli chake tangu mwaka juzi, jua hiyo tabia ina mababu waliosoma sana.

Nataka turuke zaidi ya miaka 200 mbele, boma lilelile.

Mwaka 1913 G. H. Hardy, felo wa Trinity tangu 1900, alipokea barua kutoka Madras, India. Mwandishi ni karani wa bandari. Anasema mshahara wake ni pauni 20 kwa mwaka, hana digrii, na hii hapa ni kazi yake, afadhali aitazame. Ndani kulikuwa na kurasa za fomula ambazo Hardy hakuwa ameona mfano wake. Aliketi nazo na rafiki yake J. E. Littlewood, felo mwenzake, wakazipitia, wakakubaliana kwamba huyu si tapeli. Karani ni Srinivasa Ramanujan. Aprili 1914 akafika Uingereza.

Sehemu ya fikra ngumu watu husimulia sana. Mimi nataka tuangalie sehemu ya meza. Mwaka 1917 jina la Ramanujan lilipelekwa achaguliwe felo wa Trinity. Akakataliwa. Littlewood alisimulia baadaye kwamba kuna felo aliyesema wazi hataki mtu mweusi kwenye boma. Mtu ambaye kazi yake hawangeweza hata kuisahihisha! Mwaka 1918 Ramanujan akachaguliwa kwanza katika Royal Society, ile jumuiya ya wanasayansi wakubwa wa Uingereza, na hapo Trinity wakakosa pa kujificha. Oktoba mwaka huo akawa felo, Mhindi wa kwanza kuwa felo wa Trinity. Pauni 250 kwa mwaka, kwa muda wa hadi miaka 6, bila sharti la kufundisha wala kazi yoyote. Kutoka pauni 20 za kunakili hesabu za bandari.

Hakuzila. Alikuwa mgonjwa tayari. Mwaka 1919 alirudi nyumbani India, na Aprili 1920 akafariki akiwa na miaka 32. Ni katika ule ugonjwa Hardy alienda kumwona hospitalini London, akamwambia teksi yake ilikuwa na nambari ya kuboesha, 1729. Ramanujan akamjibu hapana, hiyo ni tamu sana, ndiyo ndogo kabisa inayoweza kuandikwa kama jumla ya kyubu mbili kwa njia mbili tofauti. Piga hesabu mwenyewe: 12 mara tatu, yaani 12 × 12 × 12, ni 1728, ongeza 1. Halafu 10 × 10 × 10 ni 1000, na 9 × 9 × 9 ni 729. Mjomba alikuwa akimaliza kuandika hiyo ubaoni anaweka chaki chini na kungoja. Anasema kuna mwanafunzi mmoja kila mwaka hushtuka. Huyo mmoja ndiye alikuwa akimfanya aamke saa kumi na moja.

Na Hardy? Hapa ndipo hadithi inaniuma.

Hardy alikuwa na mambo yake. Mwaka 1916, wakati wa vita vya kwanza vya dunia, baraza la Trinity lilimfuta kazi mwanafalsafa Bertrand Russell kwa sababu alipatikana na hatia ya kuandika dhidi ya kulazimisha watu jeshini. Hardy alikasirika sana, na 1919 akahama kwenda Oxford. Alirudi 1931 akiwa profesa, akapata tena vyumba vyake Trinity. Kwa miaka yote hiyo yeye na Littlewood waliandika pamoja karibu makala 100. Ushirikiano wa miaka 35. Wengi wetu hatujawahi kumaliza kazi moja ya kikundi bila kublokiana.

Lakini Hardy aliamini kitu kimoja kwa ukali: kwamba hesabu ni mchezo wa vijana. Mwaka 1940, mwaka mmoja baada ya kupata mshtuko wa moyo, alichapisha kitabu kidogo, *A Mathematician's Apology*, na ndani yake amekubali kwamba uwezo wa kuunda umemwisha na hakuna kingine cha thamani kilichobaki cha kufanya. Alistaafu uprofesa 1942. Kumbuka ile tofauti niliyokuambia: alipoteza kiti, hakupoteza meza. Vyumba alikuwa navyo, heshima alikuwa nayo, wenzake walikuwa hapohapo. Bado giza likamwingia. Mwaka 1947 alijaribu kujitoa uhai, akanusurika. Dada yake akawa anamkalia, anamsomea habari za kriketi, mchezo aliopenda karibu kama hesabu. Alifariki tarehe 1 Desemba 1947, siku ileile ambayo alitakiwa kukabidhiwa medali ya Copley, tuzo kubwa kabisa ya Royal Society.

Nilipomaliza kusoma hiyo nilimpigia mke wa mjomba simu. Sikumwambia kwa nini. Nilimwuliza tu kama mzee anakula.

Kwa sababu unaweza kusema Hardy alikuwa na kila kitu ambacho wastaafu wa hapa kwetu hawana, na ni kweli. Wa kwetu wengi wanamaliza miezi wakifuata pensheni, faili imepotea, rudi Alhamisi. Hiyo ni dhuluma na ina jina lake. Lakini Hardy anaonyesha kuna shimo lingine ambalo pesa na chumba havizibi. Ukijiambia tangu ujana kwamba wewe ni kazi yako na si kitu kingine, siku kazi inaisha unakuwa nani? Na sisi ndio tumeandika hiyo kwenye wasifu wetu kila mahali, eti hatulali, tunachapa kazi tu. Hardy angetuelewa vizuri sana, na hiyo si sifa.

Sasa mlinganishe na Littlewood. Hao wawili walikuwa kama mapacha, boma moja, hesabu ileile. Littlewood alistaafu uprofesa mwaka 1950. Akabaki felo. Akabaki ndani ya vyumba vyake vya Trinity, na hapo aliishi zaidi ya miaka 60. Watu husahau kwamba yeye pia aliugua sonona kwa sehemu kubwa ya maisha yake, kimyakimya, huku dunia ikimwona mtu ngangari wa kupanda milima. Tofauti ni kwamba kwake, miaka ya 1950 akiwa ameshastaafu, daktari mmoja alipata dawa zilizomsaidia. Mzee wa zaidi ya miaka 70 akafunguka! Akaanza kusafiri Marekani kufundisha, akachapisha makala hadi alipopita miaka 80. Alikufa 1977 akiwa na miaka 92. Yaani Hardy alisema mchezo ni wa vijana, na mwenzake wa chumba cha karibu akaendelea kuucheza miaka mingi baada yake.

Sisemi dawa ndiyo jibu la kila mtu. Nasema tu Littlewood alitibiwa, Hardy hakutibiwa, na tuache kujifanya hiyo haina uzito.

Kuna wengine nawapitia haraka. Russell, yule aliyefutwa 1916, Trinity walimrudisha kama felo 1944, umri umeshapita miaka 70, wakati wenzake wanakabidhi funguo. Miaka sita baadaye akapata Nobel ya fasihi. Naye Ludwig Wittgenstein alipata uprofesa wa falsafa 1939 na hakuupenda hata kidogo. Mwaka 1947, na miaka 58, akajiuzulu ili aandike, akaenda zake Ireland. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1953, miaka miwili baada ya kufa kwake. Huyo hakungoja keki.

Michael Atiyah nampenda kwa njia yake. Baba Mlebanoni, mama Mskoti, utoto wake Khartoum, Sudan, shule Cairo, halafu Trinity. Alishinda medali ya Fields 1966, ambayo kwa wanahesabu ni kama Nobel yao, akawa mkuu wa Trinity kati ya 1990 na 1997. Angeweza kukaa na hiyo sifa kimya. Septemba 2018, akiwa na miaka 89, alisimama mbele ya ukumbi Heidelberg, Ujerumani, akatangaza kwamba amethibitisha wazo la Riemann. Hilo ni swali kuhusu vile zinavyopangika nambari zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 7, 11, 13. Halijajibiwa tangu 1859. Hardy na Littlewood wote walilipigania miaka mingi. Wataalamu walisoma uthibitisho wa Atiyah na hawakuukubali. Mitandaoni wengine walicheka, wengine walisema angeachwa apumzike. Alifariki Januari 2019.

Mimi sikucheka. Ukifikisha miaka 89 na bado kuna swali linakunyima usingizi, na unajua ukikosea dunia nzima itaona, na bado unapanda jukwaani, hiyo ni roho gani? Na cheki jambo lingine: Atiyah akiota ndoto yake, hakuna kijana aliyenyimwa kazi. Hakuwa amekalia kiti cha mtu. Alikuwa anatumia meza.

Hiyo ndiyo naona Cambridge walipata sawa, labda bila kukusudia. Kile kiti cha Newton kilimfikia Stephen Hawking mwaka 1979. Mwaka 2009 alifika miaka 67, umri wa kustaafu wa chuo kikuu, na akakiachia. Huyo ni Hawking, mwanasayansi maarufu kuliko wote duniani wakati huo! Hakuna aliyesema katiba irekebishwe kwa ajili yake. Kiti kikaenda kwa mwingine. Lakini aliendelea na utafiti palepale, na aliendelea kuwa felo wa boma lake, Gonville and Caius, jirani wa Trinity, hadi alipofariki 2018.

Hapa kwetu tumeunganisha hivyo viwili. Kiti ndicho meza. Ukiachia ofisi unapoteza gari, simu zinaacha kulia, hata mlinzi wa getini anakuuliza unaenda wapi. Halafu tunashangaa mzee kung'ang'ania? Anang'ang'ania kwa sababu nje ya ile ofisi tumemwandalia saa ya ukutani. Kijana anangoja, mzee anaogopa, na wote wana haki.

Lakini pia tusiipambe Trinity sana, kwa sababu hiyo meza ilikuwa na watu iliowafungia nje. Hadi mageuzi ya 1882, felo akioa kwa kawaida alipoteza nafasi yake. Na wanawake? Mary Cartwright, aliyefundishwa na Hardy, alifanya na Littlewood kazi kuhusu mawimbi ya redio kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, kazi ambayo baadaye ilionekana kuwa mwanzo wa nadharia ya machafuko. Mwaka 1947 akawa mwanahesabu mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Royal Society. Wakati huo Cambridge ilikuwa bado haiwapi wanawake digrii kamili, ilianza 1948. Yeye alikuwa felo wa Girton, boma la wanawake nje kidogo ya mji. Trinity walipata felo wa kwanza mwanamke 1977, mwaka uleule Littlewood alikufa. Cartwright alistaafu ukuu wa Girton 1968 na akaishi miaka mingine 30, hadi 1998, akiwa na miaka 97. Huyo sidhani alikosa la kufanya Jumatatu moja.

Mjomba yuko sawa, kwa wale mtakaouliza. Tai ameiacha. Kuna watoto wawili wa jirani huja jioni na vitabu, na juzi mmoja wao alikuwa ameandika 1729 kwenye kiganja kwa kalamu ya buluu, mama yake akadhani ni nambari ya siri ya simu ya mtu. Mzee ananiagiza nikienda nimpelekee daftari la miraba, kurasa 200, na nisilete zile za karatasi nyepesi.